Kabla dalali hajahesabu magunia yako, jaza stoo ya nyumbani

Najua wakati huu simu zenu haziachi kuita. Mahindi yapo uani, turubai zimetandazwa, na madalali wameshaanza kuzunguka na pikipiki wakiuliza, "Unazo ngapi?" Ndicho kipindi cha mwaka ambacho mkulima wa Ufipa anajiona tajiri. Baridi ya Julai inakata masikio, lakini mfukoni kuna joto.

Leo sitaandika habari za mbegu wala mbolea. Nataka kutoa maoni yangu, na niseme mapema kwamba ni maoni yangu binafsi, siyo ya ofisi. Ni haya: kijana anayejiita mkulima wa kibiashara, halafu ikifika Januari anakopa unga dukani, bado hajaanza biashara. Stoo ya chakula ya nyumbani siyo mambo ya kizamani ya bibi zetu. Ni sehemu ya kwanza ya mtaji wako, na inajengwa kidogo kidogo, gunia baada ya gunia.

Nasema hivi nikijua kwamba kuna wakati nilifundisha kinyume chake.

Ushauri wangu uliomponza kijana

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kata ninayoihudumia alinifuata mwezi wa saba. Alikuwa amelima ekari tano kwa mbegu chotara, kapalilia kwa wakati, kapata magunia 70. Kwa mara yake ya kwanza, yalikuwa mavuno ya kujivunia. Akaniuliza, "Bwana shamba, nifanyeje?"

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kilimo biashara, kichwa kimejaa maneno ya mtaji na mzunguko wa fedha. Nikamwambia, "Uza yote. Mahindi yaliyolala ni hela iliyolala. Kodi ekari kumi, nunua mbolea mapema, chakula mtanunua tu." Akanielewa vizuri sana, akauza yote.

Sasa sikiliza kilichotokea. Hela ilikwenda kwenye kukodi shamba, kulimia trekta, mbegu na mbolea. Oktoba na Novemba alikuwa bado ana kitu mkononi. Desemba mtoto akaugua, akalazwa siku kadhaa. Januari ndani hakuna debe hata moja, na gunia aliloliuza Julai sasa lilitaka hela ya karibu magunia mawili. Hela yake yote ilikuwa ardhini, na ardhi hairudishi hela kabla ya Mei.

Akafanya mambo matatu, na kila moja lilikuwa na maana kwa siku ile. Kwanza, aliuza mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia, tena kwa bei ya kutupa, akanunua mahindi ya kula. Pili, yeye na mke wake wakaanza kwenda kibarua cha kupalilia mashamba ya watu, wakati shamba lao linaingia magugu. Tatu, akachukua fedha ya magunia matatu kwa mtu, kwa makubaliano ya kulipa magunia sita wakati wa mavuno.

Ukipita barabarani ungeona wazi. Ekari zilizokosa mbolea zilikuwa za njano kama majani ya ndizi yaliyokauka. Ekari kumi zikampa mahindi yasiyofika hata yale ya ekari tano za mwaka uliotangulia, na sita katika hayo yalikuwa tayari ya mtu mwingine.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya Februari. Mama yake mzazi alikuja nyumbani kwangu asubuhi, mvua ikinyesha, ndoo tupu imefunikwa kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akakaa kwenye benchi. Akasema taratibu, bila hasira, "Mwanangu anasema wewe ndiye uliyemwambia auze yote. Nimekuja unisaidie debe moja."

Nilimpa. Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo sijamwambia mkulima yeyote auze yote.

Njaa ya Januari hulima shamba la jirani

Tukirudia ile hesabu polepole tutaona kitu ambacho kwenye vitabu vya mapato na matumizi hatukiandiki. Kijana yule hakushindwa shambani. Ufundi alikuwa nao. Alishindwa jikoni, na jiko likala shamba.

Sisi huku mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inaishia Aprili hivi, na mavuno ya mahindi yanashika kasi Juni na Julai. Maana yake miezi ambayo nyumba ina chakula kidogo zaidi ndiyo ile ile ambayo shamba linataka nguvu kubwa zaidi: palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia, palizi ya pili. Ukiwa na njaa Januari, nguvu zako zinanunuliwa na mwenye chakula. Unapalilia kwake asubuhi, kwako unafika saa tisa umechoka, na kesho tena hivyo hivyo. Mwisho wa msimu yeye anavuna kwa wakati, wewe unavuna magugu. Mwaka unaofuata bado utakwenda kwake.

Kwa hiyo mtu akikwambia mahindi yaliyolala stoo ni hela iliyolala, muulize: je, mbolea uliyouza nusu bei ili ule? Je, magunia sita uliyolipa kwa deni la matatu? Je, palizi iliyochelewa wiki tatu? Hiyo nayo ni hela, na hiyo hailali, inakufa kabisa.

Chakula cha kula siyo mahindi ya kusubiri bei

Hapa vijana wengi wanachanganya, na naomba tutenganishe. Kuna mahindi ya kusubiri bei ipande. Hiyo ni biashara na ina hatari zake. Mnakumbuka Juni 2017 Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi. Msimu uliofuata mahindi yakajaa, bei ikaanguka, na waliokuwa wameweka kwa ajili ya kusubiri bei waliumia. Wapo walioapa kutoweka tena hata gunia moja.

Mimi nasema mahindi ya kula ni jambo jingine. Nyumba yako itakula bei ikipanda na itakula bei ikishuka. Bei ikipanda, umejiokoa kununua kwa bei ya juu. Bei ikishuka, umepoteza nini? Tofauti ndogo ya bei kwa magunia kumi tu, wakati mengine yote uliyauza mapema. Ichukulie hiyo tofauti kama ada ya bima. Mwenye pikipiki analipa bima kila mwaka na halalamiki kwamba mwaka huu hakugongwa.

Taifa lenyewe linafanya hivyo hivyo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana kanda hapa hapa Sumbawanga. Wananunua wakati wa mavuno na kuweka kwa ajili ya siku mbaya, na hakuna anayewaambia wanalaza hela. Angalieni majirani zetu Zambia, ambao ukitoka Matai ukapita Kasesya umeshafika kwao. Nao ni walima mahindi na wala ugali kama sisi. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Miezi michache baadaye Zambia ikakubaliana na NFRA kununua tani 650,000 za mahindi ya Tanzania. Mvua ikigoma, mwenye akiba ndiye anayesikilizwa. Kama ni hivyo kwa nchi nzima, kwa nyumba yako yenye watu sita itakuwaje?

Wazee wetu walijua, ila sisi tulibadilisha zao

Wengi wenu mmezaliwa mkiona mahindi kila mahali, mnadhani Mfipa amekula ugali wa mahindi tangu dunia iumbwe. Siyo kweli. Chakula kikuu cha Ufipa cha zamani kilikuwa ulezi. Muulizeni mzee yeyote kijijini. Na ulezi una sifa moja kubwa: punje yake ni ndogo mno, wadudu wa ghalani hawana sehemu ya kutoboa na kuingia. Ukikaushwa vizuri na kuwekwa pakavu unakaa miaka bila dawa yoyote. Mzee wa zamani alikuwa anakula ulezi wa mwaka juzi huku wa mwaka huu akiutazama tu.

Tulipohamia kwenye mahindi tulipata mavuno makubwa na soko, lakini tulichukua zao lenye maadui wengi stoo. Fukusi wapo siku zote. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaonekana dumuzi kule Tabora, mdudu aliyeingia nchini kutoka nje, ambaye watu walimpachika jina la Skania kwa jinsi anavyobeba. Huyo ndiye anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga wakati wewe bado unaliona limesimama. Vihenge vyetu vya fito na udongo, vilivyofaa kwa ulezi, havikumweza. Kwa hiyo siyo kwamba vijana ni wazembe kuliko babu zao. Zao limebadilika na njia ya kuhifadhi lazima ibadilike. Tatizo ni kwamba tulibadilisha la kwanza, la pili tukaliacha.

Hesabu ya nyumba moja

Chukua daftari. Mtu mzima anayekula ugali mara mbili kwa siku anamaliza kama nusu kilo ya mahindi. Mtoto mdogo piga nusu ya hapo. Nyumba yenye watu wazima watatu na watoto watatu inakula kilo mbili na robo kwa siku, yaani karibu kilo 70 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni kama kilo 820. Ongeza wageni, vibarua utakaowalisha siku za palizi, na debe la kupeleka msibani. Magunia kumi ya kilo mia. Nimesema kilo mia, siyo lumbesa. Lumbesa muachie anayekupunja.

Maharage, mkipika nusu kilo kwa siku, siku tano za wiki, ni kilo 130 kwa mwaka.

Sasa mtu anayevuna magunia 15 ataniambia, "Bwana shamba, nikitoa kumi nabaki na nini cha kuuza?" Ni swali la haki, na ndiyo maana nasema kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha nafaka, kwa hiyo methali hii ni yetu wakulima kabla ya kuwa ya watu wa benki. Mimi ningekwenda hivi:

Mwaka wa kwanza, linda miezi mitatu tu: Januari, Februari na Machi. Kwa nyumba ile ya mfano ni kilo 210, yaani magunia mawili na kidogo. Yafungwe Julai, yaandikwe kwa kalamu ya wino mzito neno JANUARI, na yasiguswe hata ukiona bei nzuri Septemba. Miezi mingine endelea kuishi kama ulivyozoea.

Mwaka wa pili, rudi nyuma hadi Oktoba. Hapo umelinda nusu mwaka, na umefika kwenye miezi ya kununua mbolea ukiwa huna presha ya unga. Mnakumbuka mwaka 2022 mbolea ilivyopanda bei hadi Serikali ikaleta ruzuku. Hata ya ruzuku inanunuliwa kwa hela taslimu, na asiye na chakula ndani lazima achague kati ya mfuko na sufuria.

Mwaka wa tatu, kamilisha mwaka mzima. Kisha ongeza gunia moja la ulezi ambalo siyo la kula mwaka huu wala wa kesho. Hilo ni la siku ambayo mvua imegoma, au baba wa nyumba yuko hospitali, au shamba limepigwa na viwavijeshi. Robo eka ya ulezi pembeni inatosha kuanzia.

Kwa anayevuna mengi nina sheria rahisi zaidi: kila magunia kumi yanayotoka shambani, moja linaingia stoo kabla dalali hajaja kuhesabu, mpaka ufikie lengo lako. Kijana wangu wa magunia 70 angekuwa na saba ndani, na bado angeuza 63. Angekodi ekari nane badala ya kumi. Basi, hiyo ndiyo tofauti yote.

Na siyo mahindi tu. Kila siku ya mnada nunua kitu kimoja cha kuweka: chumvi pakiti tano, sabuni ya mche, viberiti, dagaa wakavu wa Tanganyika, dumu dogo la mafuta ya alizeti. Siku nyingine nunua dawa ya kutibu maji na pakiti za chumvichumvi za kuharisha, hasa ninyi wa bonde la Ziwa Rukwa ambako kipindupindu kimeshatutembelea zaidi ya mara moja. Tochi ya sola moja. Elfu mbili leo, elfu tatu mnada ujao. Ukifika kifuku, barabara zikiwa tope na bodaboda wamepandisha nauli, hutaenda mjini kwa sababu ya chumvi.

Weka vizuri au usiweke kabisa

Hapa nakiri kosa jingine, na hili ni la nyumbani kwangu. Mwaka nilioanza kuhifadhi nilifunga magunia matatu mwanzoni mwa Juni kwa haraka, mahindi hayajakauka sawasawa. Baridi yetu inadanganya: ngozi inahisi ukavu kwa sababu ya upepo, kumbe punje bado ina maji. Nilipofungua Desemba nilipokelewa na harufu ya ukungu. Mke wangu alitaka tuwape kuku. Nikakataa, tukayateketeza. Sumukuvu haionekani kwa macho, haitoki kwa kupika, na kuku aliyeila anaweza kukurudishia. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Siyo jambo la kubahatisha na watoto.

Kwa hiyo kausha juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Unyevu unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikianguka chini yote, endelea. Pepeta, ondoa yaliyovunjika na yaliyooza.

Kwa mahindi ya kula mimi napendelea mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu. Mifuko miwili ya nailoni ndani, kiroba nje. Haina dawa yoyote. Ukiukandamiza hewa ikatoka, ukafunga kila tabaka peke yake kwa kamba, wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa. Uweke juu ya chaga, uuache mbali kidogo na ukuta, na upigane na panya, maana tundu moja dogo linaharibu kila kitu. Usifungue fungue. Chukua mfuko mmoja, uumalize, ndipo uende wa pili. Na la zamani liliwe kwanza, ndiyo maana nasema andika tarehe.

Ukiamua kutumia dawa ya unga, nunua duka linalojulikana, soma kibandiko, pima kwa kipimo, siyo kwa kiganja, na subiri siku zilizoandikwa kabla ya kula. Lakini vile vidonge vya kufukiza ghala usivitumie kabisa kwenye nyumba mnayolala. Ile gesi haichagui mdudu na mtu.

Maneno ninayoambiwa

"Ndugu wakijua nina chakula watamaliza." Kweli, wataomba. Mimi mwenyewe niliombwa, na nisingetaka kuwa mtu wa kumrudisha mama yule na ndoo tupu. Tenga debe mbili tatu mapema kwa ajili hiyo, uzihesabu kabisa kwenye mpango. Zikiisha, sema zimeisha, na utakuwa unasema kweli. Asiyetenga ndiye anayegawa bila hesabu, au anayemnyima hata aliyestahili.

"Watu watasema nina chuma ulete." Jamani. Tunaishi Sumbawanga, mji ambao jina lenyewe watu husema maana yake ni kutupa uchawi. Basi tuutupe. Anayekuona na chakula Februari mwambie ulikiweka Julai, mwoneshe na mfuko. Mwaka ujao ataweka na yeye.

"Hela ipo kwenye simu, nitanunua." Hela kwenye simu ni rahisi kuliko kitu chochote kutumika. Mpira ukiisha, bando likiisha, rafiki akipiga, inapungua. Gunia lililofungwa halitumwi kwa mtu kwa namba ya siri.

Na la mwisho, ambalo wanaume hatulipendi. Ufunguo wa stoo ya chakula akae nao anayepika. Nimeona nyumba nyingi ambazo Julai mwanaume ana marafiki wengi sana, nyingine hata anaongeza mke, halafu Januari mke yule wa kwanza ndiye anayejua watoto watakula nini. Mimi nilimkabidhi mke wangu ufunguo baada ya ile aibu ya mahindi ya ukungu. Nikitaka kuuza gunia la chakula lazima nimweleze sababu, na mara nyingi nikianza kueleza nagundua sababu yenyewe haina miguu.

Nini kilimpata kijana yule

Yupo, bado analima. Ilimchukua misimu miwili kutoka kwenye deni. Msimu uliopita nilipita kwake Februari kuangalia viwavijeshi. Nikamkuta shambani kwake mwenyewe, saa nne asubuhi, yeye na mke wake wanaweka mbolea ya kukuzia. Mahindi yalikuwa ya kijani kizito. Hakwenda kibarua kwa mtu. Nyumbani mama yake alinikaribisha ugali na maharage, na kabla sijanawa akanionesha kona ya chumba: mifuko miwili ilikuwa bado imesimama juu ya chaga, imeandikwa kwa wino mweusi, MACHI.

Akaniambia, "Kula bwana shamba, haya hatukununua."

Vijana, wiki hii dalali akija, mpokee vizuri, mpe kiti. Lakini kabla hajauliza unazo ngapi, hakikisha yale mawili ya Januari yameshafungwa na yako ndani, siyo kwenye hesabu yake. Kazi njema.